Tarakimu za Bunduki: Risasi Ikibadilika, Vyuma vya Kulengea Navyo Hubadilika

Leo tuna somo la hesabu, lakini hesabu zetu hazitatoka sokoni wala shambani. Zitatoka katika bunduki. Usiwe na wasiwasi, hatutafyatua kitu darasani. Tunataka kujifunza jambo moja tu, nalo ni hili: tarakimu iliyochorwa juu ya kipimo husema kweli juu ya kitu kile tu ambacho ilipimiwa. Ukibadilisha kitu hicho, ukaiacha tarakimu ileile, tarakimu inakuwa ya uongo, ijapokuwa imechorwa vizuri na kila mtu anaweza kuisoma.

Weka tayari daftari, kalamu na rula. Mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa kidole. Mkifika penye hesabu, simameni kidogo, kila mtu aifanye mwenyewe.

1. BUNDUKI TUNAYOIZUNGUMZA

Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua bunduki iitwayo Lee-Enfield. Ni bunduki ya Waingereza. Aina yake moja mashuhuri, ya alama ya tatu, ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1907. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, waliibeba bunduki ya Lee-Enfield katika Vita Kuu ya Pili, hata huko Burma mwaka 1944.

Bunduki hii ni ya komeo. Yaani nyuma ya mtutu kuna chuma kinachofungua na kufunga kama komeo la mlango. Askari huvuta komeo kwa mkono, ganda tupu likatoka, husukuma komeo mbele, risasi mpya ikaingia, halafu hulifunga. Kila risasi moja, kazi ya mkono mara moja.

Juu ya mtutu kuna vyuma viwili vya kulengea. Kimoja kiko mbele, karibu na mdomo wa bunduki, nacho ni kidogo na kimesimama kama ncha ya jino. Cha pili kiko nyuma, karibu na jicho la mpigaji, nacho kina pengo dogo. Mpigaji hutazama katika pengo la nyuma, akaiona ncha ya mbele katikati yake, akaiweka ncha hiyo juu ya kitu anachokilenga. Vitu vitatu vikikaa katika mstari mmoja, yaani pengo, ncha na shabaha, basi amelenga.

Chuma cha nyuma cha Lee-Enfield hiyo kilikuwa na ubao mdogo wenye tarakimu kuanzia 200 hadi 2,000. Hizo ni yadi. Shabaha ikiwa mbali zaidi, askari alisogeza kishikizo kwenye tarakimu kubwa zaidi, na chuma cha nyuma kikainuka. Je, kwa nini kinainuka? Hapo ndipo somo letu linapoanza.

2. RISASI HAIENDI MOJA KWA MOJA

Watu wengi hudhani kwamba risasi huenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Sivyo. Mtazame mtoto anayerusha jiwe kuangusha embe. Embe likiwa karibu, hulilenga lenyewe. Embe likiwa mbali, hurusha jiwe juu yake kidogo, kwa sababu anajua jiwe litashuka njiani. Hakufundishwa shuleni, mkono wake umejifunza. Na risasi ni vivyo hivyo. Tangu inapotoka katika mdomo wa bunduki, dunia inaivuta chini kama inavyolivuta jiwe.

Tena dunia haibagui kitu kizito na kitu chepesi. Risasi nzito na risasi nyepesi zikiachwa zianguke kutoka mkononi, zitafika chini pamoja. Kwa hiyo usiseme, "Risasi hii imeshuka sana kwa sababu ni nzito." Kinachoamua ni muda. Risasi iliyokaa hewani muda mrefu imeanguka sana, na iliyokaa muda mfupi imeanguka kidogo.

Kuna kanuni nyepesi ya kupata kiasi cha kuanguka. Iandike katika daftari:

Chukua muda kwa sekunde. Uzidishe kwa muda huohuo. Jibu ulizidishe kwa 5. Utapata mita za kuanguka, karibu sawasawa.

Sasa tuchukue risasi mbili. Ya kwanza ni risasi ya kawaida ya Lee-Enfield. Huondoka katika mtutu kwa mwendo wa mita 740 na kitu kwa sekunde moja. Sisi tutaiandika 750 ili hesabu iwe nyepesi. Tutaiita risasi ya kasi. Ya pili ni risasi ya bastola, ile kubwa ya bastola ya Colt iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Ina uzito wa gramu 15 hivi, nayo ya Lee-Enfield ina gramu 11 hivi. Lakini ile ya bastola huenda polepole, karibu mita 250 tu kwa sekunde. Tutaiita risasi ya pole.

Shabaha iko mbali mita 100. Risasi ya pole itatumia muda gani kufika?

100 ukigawanya kwa 250 unapata sekunde 0.4.
0.4 mara 0.4 ni 0.16.
0.16 mara 5 ni 0.8.

Basi imeanguka mita 0.8, yaani sentimita 80. Hicho ni kimo cha meza.

Na risasi ya kasi?

100 ukigawanya kwa 750 unapata sekunde 0.133.
0.133 mara 0.133 ni karibu 0.018.
0.018 mara 5 ni 0.09.

Imeanguka sentimita 9 tu. Huo ni upana wa kiganja cha mkono.

Tazama jambo la ajabu. Risasi ya kasi huenda mara 3 zaidi, lakini ile ya pole haikuanguka mara 3 zaidi. Imeanguka karibu mara 9 zaidi, kwa sababu muda unazidishwa kwa muda, na 3 mara 3 ni 9. Hii hapa orodha ya umbali mbalimbali:

Mita 50: ya kasi huanguka sentimita 2, ya pole sentimita 20.
Mita 100: ya kasi sentimita 9, ya pole sentimita 80.
Mita 150: ya kasi sentimita 20, ya pole sentimita 180.
Mita 200: ya kasi sentimita 36, ya pole sentimita 320.

Hewa nayo huzuia risasi na kuipunguzia mwendo, basi kuanguka kwenyewe ni zaidi kidogo ya hapo. Lakini kwa somo letu orodha hii yatosha.

3. KWA NINI WATU WALIIBADILI BUNDUKI

Utauliza, kama risasi ya bastola ni ya pole na huanguka upesi, ni nani aliyetaka kuitia katika bunduki ya kivita? Swali lako ni zuri.

Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na vikosi vya makomando, yaani askari waliotumwa usiku kwenda nyuma ya adui. Watu hao walitaka bunduki isiyosikika. Lakini mlio wa bunduki si mmoja. Kuna mshindo wa baruti mdomoni mwa mtutu, na kuna mlio mwingine mkali kama wa mjeledi, ambao risasi yenyewe huufanya njiani ikiwa inakwenda upesi kuliko sauti. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kasi huishinda sauti, basi hupiga mlio wa mjeledi hata kama mshindo wa baruti umezimwa. Risasi ya pole, yenye mita 250 kwa sekunde, haiifikii sauti, wala haipigi mlio huo.

Mwingereza mmoja, William Godfray de Lisle, alitengeneza bunduki kwa kufuata fikira hiyo. Alichukua mwili na komeo la Lee-Enfield, ikapewa mtutu wa risasi ile ya bastola, na mtutu ukafunikwa kwa bomba nene la kuzima sauti. Kasha la risasi lilikuwa la bastola ya Colt. Komeo nalo lilisaidia, kwa sababu halijiendeshi lenyewe; baada ya kupiga, hakuna chuma kinachogonga chuma mpaka mpigaji mwenyewe atake kulifungua. Bunduki hiyo ikaitwa De Lisle. Zilitengenezwa chache sana, karibu 130 tu, na nyingi za hizo zilitoka katika kiwanda cha Sterling huko Dagenham, Uingereza.

Sasa mfikirie askari aliyeshika bunduki hiyo gizani. Mbele yake yuko mlinzi wa adui. Nyuma yake wamelala wenzake kumi, wanangojea. Ana nafasi ya risasi moja. Akikosa, mlinzi atapiga kelele, taa zitawaka, na kimya cha bunduki yake hakitamfaa kitu. Maisha ya watu kumi yamewekwa juu ya vyuma viwili vidogo vya kulengea. Je, vyuma hivyo vinasema kweli?

4. TARAKIMU ILIYOGEUKA UONGO

Tuseme fundi mvivu amebadili mtutu, akatia risasi ya bastola, lakini akaacha vyuma vya kulengea vikae kama vilivyokuwa na tarakimu zake za zamani. Yadi ni fupi kidogo kuliko mita, lakini sisi tutazihesabu kama mita ili tusijichoshe.

Tarakimu ndogo kabisa ni 200. Ukiweka kishikizo hapo, chuma cha nyuma kimeinuliwa kiasi cha kumwinua mpigaji mdomo wa bunduki kwa ajili ya risasi ya kasi. Katika mita 200 risasi hiyo huanguka sentimita 36, basi vyuma vimeipa sentimita 36 za kupanda. Deni limelipwa, risasi inagonga panapolengwa.

Tia sasa risasi ya pole. Katika mita 200 inaanguka sentimita 320, lakini vyuma vimeipa sentimita 36 tu. Toa 36 katika 320. Zimebaki 284. Risasi imepungukiwa mita 2 na sentimita 84. Ukilenga kifua cha mtu, imeingia ardhini kabla ya kumfikia.

Utasema, "Basi asogee karibu." Haya, na asogee hadi mita 100. Hapo vyuma vimeipa risasi nusu ya kupanda, yaani sentimita 18. Risasi imeanguka 80. Toa 18 katika 80, zimebaki 62. Amelenga kifua, risasi imepita kwenye mapaja.

Na ile tarakimu 2,000? Kwa risasi ya bastola haina maana hata kidogo. Ni kama kuandika juu ya mtumbwi wa mtoni "Mwendo wa siku kumi baharini". Maandishi yapo, safari haipo.

Angalia, ndugu mwanafunzi: hakuna aliyefuta tarakimu hizo. Chuma ni kilekile, mchoro ni uleule. Kilichobadilika ni risasi. Ndiyo sababu bunduki iliyobadilishwa risasi lazima ipewe vipimo vipya, vya umbali mfupi mfupi: 50, 100, 150, 200.

5. MILIMITA MOJA NI NINI

Sasa tuone fundi mzuri anavyofanya. Kazi yake ni ya milimita, basi shika rula yako utazame milimita moja ilivyo ndogo.

Tuseme kutoka chuma cha nyuma hadi chuma cha mbele ni nusu mita. Shabaha iko mita 100. Nusu mita inaingia mara 200 katika mita 100. Kwa hiyo kila milimita moja unayoinua chuma cha nyuma, alama ya risasi kwenye shabaha itapanda milimita 200, yaani sentimita 20. Ni kama fimbo ndefu: ukiusogeza mkono kidogo huku, ncha inakwenda mbali kule.

Risasi ya pole huanguka sentimita 80 katika mita 100. Gawanya 80 kwa 20. Jibu ni 4. Chuma cha nyuma kitainuliwa milimita 4 kuliko cha mbele. Risasi ya kasi ilitaka chini ya nusu milimita.

Kuna jambo moja zaidi. Bomba la kuzima sauti ni nene, na lingeziba jicho kama vyuma vingekaa chini. Basi vyuma vya De Lisle viliwekwa juu ya bomba hilo. Hivyo jicho la mpigaji liko juu zaidi ya njia ya risasi. Kama vyuma viko sentimita 5 juu ya katikati ya mtutu, risasi ina sentimita 5 nyingine za kupanda mpaka ikutane na mstari wa jicho. Gawanya 5 kwa 20, utapata 0.25. Fundi ataongeza robo ya milimita.

Pia vyuma lazima visimame wima, visiegemee upande. Chuma cha mbele kikiinama kushoto au kulia, risasi nazo zitakwenda upande, na umbali ukizidi kosa huzidi.

6. KUSAHIHISHA KWA KUPIGA

Hesabu peke yake haitoshi. Fundi silaha huipeleka bunduki kiwanjani, akailaza juu ya mfuko wa mchanga ili isitikisike, na mpigaji akapiga risasi tano, kila mara akilenga mahali palepale. Kwa nini tano, si moja? Kwa sababu risasi moja yaweza kupotezwa na pumzi ya mpigaji au kidole chake. Risasi tano hufanya kundi, na katikati ya kundi ndipo penye ukweli wa bunduki. Shahidi mmoja aweza kukosea. Watano wakikubaliana, wasikilize.

Zikitawanyika huku na huku bila kundi, usiguse vyuma. Kosa liko kwingine: labda chuma kimelegea, labda mpigaji amechoka.

Kundi likiwa pamoja, pima. Tuseme katikati yake iko sentimita 30 chini ya shabaha na sentimita 10 kushoto. Kanuni ni hii, iandike kwa herufi kubwa:

CHUMA CHA NYUMA KISOGEZE UNAKOTAKA RISASI IENDE.
CHUMA CHA MBELE KISOGEZE KINYUME CHAKE.

Tunataka risasi ipande sentimita 30. Gawanya 30 kwa 20, ni 1.5. Inua chuma cha nyuma milimita moja na nusu. Au punguza urefu wa chuma cha mbele milimita moja na nusu. Tunataka risasi iende kulia sentimita 10. Gawanya 10 kwa 20, ni 0.5. Sogeza chuma cha nyuma kulia nusu milimita. Au chuma cha mbele kushoto nusu milimita.

Mafundi wa jeshi la Uingereza walikuwa na vyuma vya mbele vya urefu mbalimbali, wakachagua kinachofaa kila bunduki. Asiyekuwa navyo huanza na chuma kirefu kuliko kinachotakiwa, halafu hukipunguza kwa tupa, kidogo kidogo. Chuma cha mbele kikiwa kirefu, risasi hupiga chini. Kila unapokipunguza, risasi hupanda. Piga tupa mara mbili tatu, rudi kiwanjani, piga risasi tano, pima tena. Usifanye haraka. Maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kikishaliwa na tupa hakirudi.

7. MACHO YA KUKISIA UMBALI

Hata vyuma vikiwa sahihi kabisa, mpigaji ana kazi yake. Tuseme vyuma vya risasi ya pole vimewekwa vizuri kwa mita 100. Askari anaona mtu gizani, anajiambia, "Huyo yuko mita 100." Kumbe yuko mita 125. Amekosea hatua ishirini na tano tu, au zaidi kidogo.

Risasi ya pole hufika mita 125 kwa nusu sekunde. 0.5 mara 0.5 ni 0.25, na mara 5 ni 1.25. Imeanguka sentimita 125. Vyuma vimeipa kupanda sentimita 80 katika mita 100, basi katika mita 125 vimeipa sentimita 100. Imepungukiwa sentimita 25.

Risasi ya kasi, kwa kosa lilelile la kukisia, ingepungukiwa sentimita 3 hivi.

Hapo unaona bei ya ukimya. Bunduki yenye kelele humsamehe mpigaji anayekisia vibaya. Bunduki ya kimya haimsamehi. Ndiyo maana ilifaa kwa umbali mfupi, mikononi mwa watu waliofundishwa kupima umbali kwa macho. Siku hizi bunduki nyingi hutiwa darubini badala ya ncha na pengo, lakini kanuni haikubadilika: darubini nayo huwekwa kwa risasi fulani na umbali fulani, na risasi ikibadilika lazima isahihishwe upya.

8. SOMO LETU NYUMBANI

Kabla ya kuagana, neno juu ya sheria. Kubadili silaha si kazi ya kufanya uani kwa nyundo na tupa. Mtutu usiofaa risasi yake waweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Tena serikali zetu zinataka kibali kwa kila silaha. Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Ukikuta bunduki ya zamani iliyoachwa na babu, usiijaribu. Itoe habari polisi.

Lakini fikira ya somo hili unaweza kuitumia leo jioni. Nyumbani mwako mna vipimo vingi vyenye tarakimu. Chupa ya dawa ya mtoto imeandikwa, "Kijiko 1, mara 3 kwa siku." Kijiko gani? Kijiko cha chai hubeba mililita 5 hivi. Kijiko kikubwa cha mezani hubeba mililita 15 hivi. Mama akisoma vizuri neno "kijiko 1", akachukua kijiko kikubwa, amempa mtoto dawa mara 3. Hakukosea kusoma. Alibadilisha kipimo, akaiacha tarakimu. Kwa hiyo tumia kile kikombe au kijiko kilichokuja pamoja na dawa, na kama hakikuja, muulize mganga akuonyeshe.

Vivyo hivyo katika mizani ya kununulia mazao. Tarakimu ya mizani husema kweli tu kama imeanza kwenye sifuri. Kabla gunia lako halijapandishwa, tazama mshale uko wapi. Ukikuta hauko kwenye sifuri, sema. Una haki ya kusema, kwa maana sasa wajua kusoma.

Kusoma tarakimu ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuiuliza: "Wewe ulipimiwa nini?" Anayejua hatua zote mbili hadanganyiki kwa wepesi.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Risasi ya bastola ni nzito kuliko ile ya bunduki. Je, huanguka zaidi kwa sababu ya uzito wake? Eleza kwa maneno yako.

2. Risasi ya pole huenda mita 250 kwa sekunde. Imeanguka sentimita ngapi ikifika mita 75?

3. Kundi la risasi tano limepiga sentimita 40 juu ya shabaha na sentimita 20 kulia, kwa umbali wa mita 100. Kati ya chuma na chuma ni nusu mita. Chuma cha nyuma kisogezwe wapi, na milimita ngapi?

4. Kwa nini fundi huanza na chuma cha mbele kirefu kuliko kinachotakiwa?

5. Taja kipimo kimoja cha nyumbani au kazini kwako. Tarakimu zake zilipimiwa nini? Kitu gani kikibadilika, zitakuwa za uongo?

Majibu ya hesabu: swali la 2, sentimita 45. Swali la 3, chini milimita 2 na kushoto milimita 1. Kama jibu lako ni jingine, usilifute. Rudi mwanzo pamoja na jirani yako, mtafute mahali njia zenu zilipoachana.